Ghorofa la Urithi

Kariakoo, nyumba ya marehemu babu imebomolewa, ghorofa limesimama. Mwekezaji aliyelijenga kachukua orofa zake, ndugu wamebaki na zao. Lakini hati ina jina moja tu: la kaka, msimamizi wa mirathi. Msimamizi amebeba amana. Ghorofa si lake peke yake. Shangazi aliyeolewa Tanga naye ana fungu lake, hata kama hajawahi kulala humo.

Tanzania, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Ngazi, paa na kiwanja vinabaki vya wote. Ndugu zangu, andikishaneni hati sasa, mama yenu angali hai na mnasalimiana.