Eliya Alilala Kwanza
Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Wanafunzi wa vyuo wanakaribia kurudi nyumbani kwa likizo, nasi tuna neno la kuwaambieni juu yao. Tumejifunza neno hili kwa aibu.

Mwaka jana kijana mmoja wa kanisa letu alirudi kutoka chuoni. Mwenzake wa chumbani alikuwa amefariki, na yeye ndiye aliyemkuta. Jumapili ile ile tulimsimamisha mbele ya ushirika wote, tukampa kipaza sauti, tukasema atoe ushuhuda jinsi Bwana alivyomtia nguvu. Midomo ilitetemeka, maneno hayakuja. Tukapiga makofi, tukaimba pambio, akaenda kuketi. Kwa wiki nane hatukumwona kanisani, na wengine wetu tukasema amerudi nyuma.

Basi tumwangalie Eliya. Alikimbia asiuawe na Yezebeli, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika alipomjia hakumhubiria, wala hakumwuliza habari za Karmeli. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Akaja mara ya pili na chakula, maana njia ilikuwa ndefu. Swali la Mungu, anafanya nini pale, lilikuja huko Horebu, baada ya siku arobaini. Sisi hatukumpa kijana wetu hata siku saba.

Wengi mnaikumbuka Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipoingia alfajiri katika chuo kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na baadhi yao walikuwa katika maombi ya asubuhi. Msichana mmoja alijificha kabatini mpaka Jumamosi. Askari walipomwita atoke alikataa, maana angejuaje kwamba ni askari kweli? Alitoka alipoletwa mmoja wa walimu wake. Bwana wetu alisema kondoo huijua sauti ya mchungaji, na mgeni humkimbia (Yohana 10). Msichana yule hakupungukiwa na imani. Alingoja sauti aliyoijua.

Siku kumi baadaye umeme ulilipuka kabla ya mapambazuko katika chuo kikuu cha Nairobi, huko Kikuyu. Wanafunzi wakadhani ni wauaji, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa, na zaidi ya mia moja wakaumia. Nao hawakuwako Garissa! Hofu huingia mwilini hata kwa habari tu, na mwili hushtuka kabla akili haijauliza.

Kwa hiyo, wazazi, mlango ukipigwa na upepo naye akaruka, msimcheke. Akilala mpaka saa sita mchana, msiseme ni uvivu kabla hamjajua kama usiku alipata usingizi. Msimwambie kwamba Mungu alimwokoa yeye kwa kusudi, maana atajiuliza mwenzake aliachwa kwa kusudi gani. Mwambieni mapema mnakokwenda naye na ni nani atakayekuwako. Akitaka kusema, msikilizeni, na aliyoyasema yasifike kisimani. Na ikiwa majuma yanapita naye hali, halali, au anasema heri afe, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali au kwa mshauri siku hiyo hiyo. Kufanya hivyo si kumkana Bwana. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Kijana wetu tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi. Hakujibu mengi. Aliuliza tu kama anaweza kuketi karibu na mlango, auone. Sasa kiti cha mwisho upande wa kushoto ni chake, nasi twawaomba wazee wa kanisa wasimsogeze mbele hata kanisa likijaa. Baada ya ibada mama mmoja humpelekea chai huko huko. Juzi alimrudishia kikombe, akamwuliza watoto wake hawajambo.