Deni la Maji Aliyokunywa Mwingine

Mpangaji wangu wa Dar es Salaam alihama usiku, nami nikiwa ughaibuni, akaacha ankara za maji za miezi minne. Umeme haukuacha deni, kwani LUKU hulipiwa kabla ya matumizi; maji husomwa kwenye mita yakishatumika. Akaunti ina jina langu. Je, deni humfuata mnywaji au bomba? Kwa haki, ni la mnywaji. Lakini maji yakikatwa, atakayebeba ndoo ni mpangaji mpya, asiye na hatia. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema alipe nani. Nimelipa, kisha nikamwandikia aliyehama kwamba sasa ananidai mimi kumdai. Kulipa huku si msamaha. Ni kukataa kumtwisha mnyonge mzigo usio wake.