Swali la Pili

Kuomba mahojiano kwa kiongozi ni kazi yenye adabu zake, na mwandishi wa habari akaaye Bagara, katika mji wa Babati, huzijua zote. Hupeleka barua kwa afisa habari, huambiwa aandike maswali yake mapema, huyaandika, huambiwa mkubwa yuko safarini. Akirudi baada ya wiki huambiwa kuwa maswali ni mengi, ayapunguze, na akiisha kuyapunguza hukuta limebaki lile ambalo hapana mtu aliyekuwa na haja nalo. Yote haya hutendwa kwa upole. Kiti hupewa, na pengine chai. Hapana mlango uliofungwa mbele yake, wala hapana uliofunguliwa.

Watu wamezoea kuihesabu subira hii kuwa habari ya mtu mmoja na riziki yake. Sivyo. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, na viongozi hawaachi kupita. Tarehe 14 Oktoba 2023 Mwenge wa Uhuru ulihitimisha mbio zake papo hapo mjini, na hotuba zilisikika. Siku hamsini baadaye, tarehe 3 Desemba, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh, katika mkoa huo huo, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku kama zile maswali huwa na uzito: nani atahamishwa, nani atabaki chini ya mlima, michango imegawanywa namna gani. Aliyezikiwa nyumba yake na tope hana nafasi ya kwenda ofisini kuuliza. Amwuliziaye ni yule anayengoja kitini.

Je, kiongozi anadaiwa jibu? Wako wasemao kwamba hadaiwi. Yeye huzungumza na wananchi uso kwa uso mikutanoni. Mwandishi basi ni mtu wa kati tu, kama dalali ajiitaye mwenye mali. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana madalali wa namna hiyo wapo. Lakini hotuba na mahojiano si kitu kimoja. Katika hotuba msemaji huchagua la kusema na la kuacha, na msikilizaji hupiga makofi au hunyamaza. Katika mahojiano liko swali la pili, lile linalozaliwa na jibu la kwanza, ambalo haliwezi kuandikwa mapema kwa kuwa bado halijakuwako. Ofisi inayotaka maswali yote kwa maandishi haikatai kuulizwa. Hukataa kuulizwa tena.

Sheria imejaribu kusaidia. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua haki ya mwananchi kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaiwekea ofisi ya umma muda wa siku 30 kujibu ombi. Walakini sheria yaweza kutoa karatasi. Kutoa mazungumzo haiwezi. Tena mwandishi hakusahau kwamba Mawio, Mseto, MwanaHalisi na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati mbalimbali kati ya 2016 na 2020, na kwamba ruhusa ilirudi Februari 2022.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alijua pande zote mbili. Mwaka 1958, kabla hajashika dola, alitozwa faini kwa yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya watawala wa wilaya. Machi 1995 alikaa mbele ya waandishi katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, akasema mengi yaliyowachoma waliokuwa madarakani. Ni kweli kwamba wakati huo alikwisha kutoka Ikulu karibu miaka kumi, na kuhojiwa ni kwepesi zaidi kwa mtu asiyeshika funguo.

Upande wa muulizaji nao una deni, na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na safari ya vijijini yataka nauli. Gari la msafara wa kiongozi lina nafasi. Jioni kuna bahasha, nayo huitwa nauli. Aliyepanda gari hilo hakuuza uongo, na yawezekana kila neno atakaloandika litakuwa kweli. Ameuza lile swali la pili tu, na hapana aliyemtajia bei. Kumlaumu peke yake ni dhuluma. Mwenye gazeti, akaaye mbali na kulipa kwa kipande, anajua vema jinsi mtu wake alivyofika kijijini.

Aliyenyimwa mahojiano bado anaweza kuandika kwamba aliomba, tarehe gani aliomba, na aliambiwa nini. Wahariri wengi huikata sentensi hiyo kwa kuona kwamba haina habari. Msomaji wa Katesh huenda angeianza hiyo.