WAZO LA LEO: Fundi Hayumo

Nimeitazama filamu ya Congo ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya ya Michael Crichton, nikabaki na uchungu. Humo nchi yetu imekuwa volkano, masokwe wauaji na almasi ya kuendeshea leza. Wenyeji wengi wanaoonekana ni wapagazi au askari. Fundi hayumo.

Lakini hapa kwenye mgodi wa shaba wa Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, mawe husagwa, huloweshwa kwa asidi, kisha umeme huivuta shaba kutoka kwenye maji yenye asidi hadi ijishike kwenye mabamba, tabaka juu ya tabaka, nyekundu inayong'aa. Hiyo ndiyo sayansi, na watoto wa Katanga wanaijua kwa mikono yao. Nataka filamu ambayo mhandisi wake, anayeokoa wenzake, anazungumza Kiswahili cha Lubumbashi.