Kungoja Nako Kuna Bei

Hebu tuulizane, wenzangu wa kalamu: mtu mwenye laki tano mfukoni anunue laptopu ya mtumba leo, au angoje ile ya mwakani, ati yenye kasi zaidi? Wengi watasema hilo si swali la falsafa, ni swali la mshiko tu. Mimi nabisha.

Hapa Kingolwira nina mshikaji ambaye swali hili limemkalia kichwani. Fedha anazo, kazipata kwa kuuza nyanya. Kila akipanda daladala kwenda mjini anarudi mikono mitupu, maana kasikia habari za toleo jingine. Anachotaka kuandika ni habari za ukoo wake, kama anavyozijua bibi yake aliyeko Mgeta. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo bibi huyo ndiye maktaba yenyewe. Naye, bwana, umri umekwenda.

Tusimcheke. Hoja yake ina watu wazito nyuma yake. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, alitabiri kwamba vijenzi ndani ya chipu moja vingeongezeka mara mbili kila mwaka. 1975 akarekebisha, ikawa kila miaka miwili. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wakapiga hesabu, nusu kwa utani: kama kazi ya kompyuta itachukua zaidi ya miezi 26, heri ustarehe kwanza, ununue mashine mpya baadaye, na bado utamaliza mapema. Sawa, lakini hesabu ile ilihusu kazi inayofanywa na mashine. Hadithi inakwenda kwa kasi ya kichwa chako, na hicho hakitoki toleo jipya mwakani.

Nchi yetu nayo iliwahi kungoja. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo yakaenda kombo, na 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni huku Bara tumekuja kuipata 1994, wakati Zanzibar walikuwa wakiitazama, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Labda fedha za kigeni ziliokolewa, sikatai. Ila waliokuwa vijana 1974 hawakurudishiwa ujana wao marufuku ilipolegezwa.

Mkulima wa Uluguru naye hungoja, lakini huingojea masika akiwa na jembe mkononi, na mwezi wa Machi anaujua. Hata aliyefungwa miaka yake katika gereza la hapa kwetu anajua tarehe ya kutoka. Anayengoja laptopu mpya hana tarehe: ikifika tu, nyuma yake inatangazwa nyingine. Wala bei haijaahidi kushuka. Mwishoni mwa 2025 memori za kompyuta zilipanda bei dunia nzima, kwa kuwa kampuni za akili mnemba zilikuwa zinazigombania.

Sisemi ununue kichwakichwa. Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama zamani, na mashine nyingi za mtumba hazikubali rasmi Windows 11. Mbane muuzaji kabla hujatoa hela. Na kama hela yenyewe ni ya mkopo, ngoja, tena ngoja sana.

Lakini jamani, nilimwuliza mshikaji: daftari na kalamu je? Akanyamaza. Kisha akasema mwandiko wa mkono unaonekana wa kitoto, nani atamchukulia kuwa mwandishi? Nikajua hapo kwamba hata akipewa hiyo ya mwakani bure, atatafuta kingine cha kungoja.

Bibi yuko Mgeta, anapalilia maharage. Nauli ya kwenda huko mshikaji anayo, na daftari tayari nimemnunulia.