Atazoea

Kiangazi kilichopita nilimwagilia ua hadi likafa. Lilikuwa peoni ya mwituni, Paeonia californica, kwenye chungu nilichokabidhiwa katika kitalu nyumba cha chuo, huku North Carolina ninakosomea shahada ya uzamili. Kwenye lebo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Hustahimili joto." Majani yalipokauka nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Septemba nikafukua mzizi, ukabonyea vidoleni kama muhogo uliovunda.

Peoni nyingi ni maua ya nchi za baridi. Zisipopata baridi ya kutosha, machipukizi yake hayaamki. Hii ya California kwao ni vilima vya vichaka kusini mwa jimbo hilo, hadi Baja California kule Meksiko, ambako kiangazi ni jua tupu. Lakini haipambani na jua. Huchipua kwa mvua za majira ya baridi, huchanua maua ya rangi ya damu ya mzee yanayoinama kama yana haya, kisha kabla joto halijakolea huacha majani yafe na yenyewe hulala ardhini. Nilichokiita kustahimili kumbe ni kujificha. Ilichohitaji kwangu ni udongo mkavu na kuachwa ilale.

Tangu siku hiyo namkumbuka dada wa kazi aliyeletwa kwetu Dar es Salaam kutoka Lushoto, nikiwa kidato cha pili. Umri wetu haukupishana sana. Wiki ya kwanza hakula vizuri. "Atazoea," alisema mama. Mchana wa Februari alikuwa akijilaza kwenye saruji ya jikoni, penye ubaridi kidogo, nasi tukamwita mvivu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha nikitoka shule, nataka chai. Baada ya miezi kadhaa akaacha kulala mchana, akawa anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Mama akawaambia majirani: mnaona, kazoea.

Rafiki yangu mmoja hapa anasema nakuza mambo. Mahindi na muhogo vilitoka bara la Amerika, vikahamishwa, vikazoea. Bila hivyo tungekula nini? Ana hoja. Ila muhogo hauna mama Lushoto. Na swali langu si kama viumbe huzoea. Ni hili: aliyemhamisha mwenzake, tena anayefaidi kuhama kwake, anapataje haki ya kuwa yeye ndiye wa kutangaza kwamba amezoea? Huyo "ndiyo" wake niliyekuwa nikimsikia kila siku, ningewezaje kumtofautisha na jani linalokauka?

(Huku nami joto likipanda huniambia, "Wewe si umezoea?" Natabasamu. Ndiyo.)

Mwezi uliopita nilimpigia mama nikamwomba namba ya yule dada. Akasema hana, aliondoka zamani, na jina lake kamili halikumbuki. Kisha akaniuliza, "Kwani ulikuwa unamtakia nini?"

Nikamwambia nitampigia baadaye.