Na Zile Talanta Mia?

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 25:1–16



Jioni moja kijana wa usharika wetu alinijia, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akawa anakunja na kukunjua kofia yake bila kusema neno. Mwishowe akafunguka. Alikuwa ametoa laki tatu, nusu ya "chai" aliyoombwa ili apewe kazi, na sasa usingizi haumjii. Nikamwambia aachane na jambo hilo. Akaniinulia macho: "Nimekuelewa, mchungaji. Na ile hela niliyokwisha kutoa?"

Swali hilo aliwahi kuliuliza mfalme. Amazia alianza kutawala Yuda akiwa na miaka 25, akakaa Yerusalemu miaka 29. Maandiko yanausifu mwenendo wake, kisha yanaongeza jambo linalochoma: moyo wake haukuwamo wote.

Alipojiandaa kupigana na Waedomu alikuwa na askari 300,000. Akaona hawatoshi, akakodi wengine 100,000 kutoka Israeli kwa talanta 100 za fedha, shehena ya tani tatu hivi. Mtu wa Mungu akamwendea akamwambia awarudishe, kwa kuwa Bwana hayuko pamoja nao. Mfalme akauliza habari ya talanta zake. Akajibiwa kwamba Bwana anao uwezo wa kumpa nyingi kuliko hizo.

Tumtendee haki Amazia: alitii. Fedha ikaenda, na askari wale wakaondoka na hasira, wakaivamia miji ya Yuda na kuua watu 3,000. Utii ulimgharimu mara mbili. Wengi wetu tungeishia hapo na kusema, huyu kweli amejitoa kwa Mungu.

Lakini mtazame anavyorudi kutoka vitani. Ameshinda katika Bonde la Chumvi, na miongoni mwa nyara amebeba miungu ya Waedomu wa Seiri. Anaisimamisha, anaisujudia, anaifukizia uvumba. Nabii anamuuliza mbona anaitafuta miungu iliyoshindwa kuwaokoa watu wake yenyewe. Mfalme anamtishia na kumnyamazisha.

Mimi hapo ndipo ninapotetemeka. Mtu aliyeweza kuziachia talanta mia kwa ajili ya Bwana alishindwa kumwachia Bwana moyo wake. Kabla ya vita alimhitaji Mungu, akalipa gharama. Baada ya ushindi hofu ikaisha, na moyo ukaenda ulikokuwa unataka kwenda siku zote.

Hali hii tunaijua. Tunafunga siku tatu mtoto afaulu mtihani. Tunalia mbele ya madhabahu usiku wa kuamkia upasuaji. Mungu husikia. Kisha matokeo yanatoka, mgonjwa anarudi nyumbani, na nafasi yetu kanisani inabaki wazi. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi anayeachwa ni Mungu, kwa sababu yeye hatugongei mlango kama mwenye deni lake.

Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, katika Marko 12, alijibu kwa Torati: Mungu apendwe kwa moyo wote. Moyo wote si moyo usioanguka kamwe. Mfalme Daudi alianguka vibaya, lakini nabii Nathani alipomkemea, alikiri palepale. Amazia alipokemewa, alifunga mlango. Moyo mzima ni nyumba ambayo Mungu anaweza kuingia chumba chochote, hata kile tulichorundika tusivyotaka vionekane.

Basi wiki hii tujiulize: ufunguo wa chumba gani bado tumeuficha? Labda ni mizani ya dukani. Labda ni ujumbe unaoufuta kabla mwenzio hajaingia chumbani. Labda ni mpaka wa shamba uliokufanya usimsalimie ndugu yako.

Kijana yule aliiacha hela yake. Bado anatafuta kazi, na asubuhi humsaidia shangazi yake kuuza mkaa. Ninamwombea apate kazi. Lakini ninamwombea zaidi kwa ajili ya Jumapili ya kwanza baada ya mshahara wake wa kwanza.

Tuombe: Ee Bwana, tumekupa vingi tukabaki na sisi wenyewe. Utuchukue wazima, siku ya hofu na siku ya ushindi. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.